Dada Hakupokea Jembe

Dada yangu Getrude hakuwa akisalimia watu njiani, na Misunkumilo nzima, mtaa wetu pale Mpanda, ilimsema kwa hilo. Kwetu salamu si kitu cha kupimiwa. Unamsalimia anayepita, unamwuliza habari za mke, za watoto, za mihogo shambani, ndipo unaendelea na safari yako. Sasa mwanamke mzima, binti wa marehemu mzee Ezekia, anampita mtu sokoni amekaza macho mbele kana kwamba hajamwona? "Maringo ya kuajiriwa," walisema. Wengine walisema ni uchungu wa kukosa mume. Mama alikuwa akirudi sokoni amenuna, anatua kikapu kwa kishindo na kusema, "Getrude, leo umeniaibisha tena."

Ukweli ni kwamba dada alikuwa mshauri nasaha. Alipelekwa Sumbawanga kusomea, na aliporudi mwaka 1995 akapewa chumba kidogo mwisho wa korido, katika kituo cha afya alichokuwa akifanyia kazi ya uuguzi. Kilikuwa na viti viwili, dirisha lenye pazia la kitenge, na mlango wenye kitasa kibovu ambao aliuzuia kwa tofali. Humo ndimo watu walioamua kupima virusi vya UKIMWI walikaa naye kabla ya kutolewa damu, na humo ndimo walirudi kupokea majibu. Akikusalimia yeye kwanza barabarani, wenye macho watajiuliza mnajuana kutoka wapi. Mwanzoni aliwangoja wateja wake tu waanze wao. Halafu akaona watu watachunguza nani anasalimiwa na nani hasalimiwi, akaamua kumngoja kila mtu, isipokuwa ndugu na jamaa wa nyumbani. Ukimwita, ataitikia kwa furaha na kukuuliza habari za kwenu zote. Ukimpita, naye atakupita.

Mimi ni Upendo, mdogo wake wa mwisho. Haya nitakayosimulia ya ndani ya kile chumba sikuyapata kwake. Dada hajafungua mdomo hadi leo, na mkienda kumwuliza atawauliza nyie kama mmeshakula. Niliyapata kwa Celestin mwenyewe, mwanaume aliyekuwa anioe, na aliniruhusu kuyasema. Nalitaja hili mapema kwa sababu najua atatokea mtu na kidole chake kusema dada alitoa siri ya mgonjwa. Hakuitoa. Ndiyo maana nilikosana naye.

Celestin alikuwa mnunuzi wa mchele. Wakati wa mavuno alikwenda Kibaoni, akarudi Mpanda juu ya magunia yake, nywele zimejaa vumbi, anacheka. Alikuwa na kicheko cha kukufanya usahau ulichokasirikia, na mimi nina hasira za karibu, kwa hiyo alinifaa. Posa yake ilikubaliwa mwaka 1997, mara baada ya Pasaka. Mama alimpenda. Baba mdogo Hilari, aliyesimama mahali pa baba, alimpenda zaidi ya mama, kwa sababu Celestin alijua kumsikiliza mzee bila kuangalia mlango.

Mwezi wa saba mwaka huo Celestin akasikia kwamba mwanamke aliyewahi kuishi naye Kibaoni amefariki, baada ya kuugua muda mrefu, amekonda, ngozi imeharibika. Kila mtu wakati ule alijua maneno hayo yana maana gani. Hakuniambia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa korido, akakaa kwenye kiti.

Dada alikataa kumpokea. "Mimi ni shemeji yako," alimwambia. "Siwezi kuwa shemeji na kuwa mshauri wako. Nenda Sumbawanga, kuna mwenzangu pale."

"Sumbawanga nani ananijua, shemeji? Nikamweleze mgeni mambo yangu? Nikitoka humu bila kupima, sitapima tena."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ni kosa letu sisi wa huku. Mtu wa Mpanda hawezi kumweleza mgeni mambo ya kitandani. Anamtafuta ndugu. Kwa Celestin undugu ulikuwa ndiyo dhamana, na dada, aliyefundishwa kwamba undugu ndio hatari, alimwangalia yule mwanaume pale kitini akashindwa kumfukuza. Akasogeza tofali mlangoni. Akamweleza kwamba yatakayosemwa hayatatoka. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa kupimwa, na majibu yaliporudi yalikuwa mabaya.

Celestin aliniambia kwamba alilia, na dada akakaa naye mpaka akamaliza kulia. Kisha dada akamwambia, "Upendo lazima ajue kabla hamjaishi pamoja. Mimi siwezi kumwambia. Wewe ndiye utamwambia. Ukitaka, tumwite hapa, niwepo nimsaidie."

"Nitamwambia mwenyewe. Nipe muda kidogo tu."

Dada akampa muda. Tangu siku hiyo akaacha kuanza kumsalimia. Celestin akija nyumbani, dada alisimama uani na ufagio wake akingoja, mpaka Celestin aseme, "Shikamoo, shemeji," ndipo uso wake ufunguke. Zamani alikuwa akimpokea kwa vigelegele kutoka barabarani. Niliona tofauti. Sikuielewa, au tuseme niliielewa vibaya. Dada alikuwa ameshapita umri ambao kwetu watu huacha kumwulizia mtu mchumba, na mdogo wake wa mwisho ndiye anaolewa. Nikasema moyoni, wivu umemwingia.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tisa padri akasoma tangazo letu. Kanisani kwetu ndoa hutangazwa Jumapili tatu, na kila tangazo huisha kwa maneno yale yale: anayejua kizuizi chochote kati ya hawa wawili anawajibika kumwarifu paroko. Nilikuwa nimeketi kati ya mama na dada. Jina langu liliposomwa wasichana wa kwaya waligeuka kunitazama, nikainamisha kichwa kwa aibu ya furaha. Nikaona mkono wa dada. Alikuwa ameshika ubao wa benchi la mbele mpaka vidole vimebadilika rangi. Padri alipofika kwenye neno "kizuizi," dada akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka tulipoambiwa tusimame.

Kesho yake alikwenda kwa mganga mkuu wa kituo, Daktari Kasimiri. Hili la kwake mwenyewe ameshanisimulia. Alimwuliza bila kutaja jina la mtu: mshauri afanye nini, akijua kwamba mteja anakaribia kumwambukiza mtu asiyejua kitu?

Daktari alivua miwani. "Umemwambia mteja aseme?"

"Nimemwambia. Ameahidi."

"Basi mbane aseme. Lakini wewe ukisema, Getrude, kile chumba kimefungwa. Kesho hakuna mama wa Mpanda atakayeingia. Watakufa nyumbani wakinywa mizizi, na watoto wao."

"Na huyo mmoja asiyejua?"

"Mbane mteja," daktari akarudia. Sheria ya nchi juu ya mambo haya ilikuja kutungwa miaka mingi baadaye. Wakati ule dada alikuwa na kiapo chake, na dhamiri yake, na kila kimoja kilikuwa kinamvuta upande wake.

Jioni ile, tukichambua maharage uani, akaniambia, "Upendo, kabla ya ndoa mkapime wote wawili. Nawaambia hivyo wachumba wote."

"Celestin ameshapima," nikamjibu. Nilikuwa nimemwuliza mwenyewe siku chache kabla, kwa sababu semina ya ndoa kule parokiani ilikuwa imegusia jambo hilo. "Ni mzima kabisa."

Dada akaacha kuchambua. "Amekwambia hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Kwani ulitaka awe mgonjwa?"

Alinitazama mpaka nikaona kero. "Nenda ukapime naye," akasema. "Mkae viti viwili, mpokee majibu pamoja. Nakuomba kama dada yako."

Hapo nikamwaga yote niliyokuwa nimeyaweka. Nikamwambia kwamba hajaolewa si kosa langu. Nikamwambia kila mtu anaona jinsi anavyomkunjia uso shemeji yake, na kwamba kama hawezi kufurahi basi anyamaze, kwa kuwa kunyamaza ndiyo kazi anayolipwa. Mama alinisikia kutoka jikoni na hakunikemea. Dada alisimama, akatoka nje ya uzio bila kuvaa viatu.

Alikwenda kwa Celestin. Alimkuta stoo anapanga magunia, akamwambia, "Umemdanganya."

Celestin aliniambia kwamba hakuwahi kumwona dada akiwa na hasira, na siku ile alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Lakini mtu aliyebanwa ukutani hupata ulimi. "Ukisema, mimi najinyonga, na damu yangu utaibeba wewe. Kabla ya hapo kaka yangu atakushtaki. Ulinipa neno lako ndani ya kile chumba. Au neno lako ni la wengine, kwa mdogo wako halifanyi kazi?"

Dada akamwambia, "Una mpaka siku ya jembe."

Niwaeleze jembe. Katika ukoo wetu mahari humalizwa na jembe. Mbuzi na mablanketi huja mapema, lakini jembe huja mwisho, jipya, bila mpini, na anayelipokea ni dada mkubwa wa bibi harusi. Kulipokea ni kusema: nimemchunguza huyu mwanaume, namkabidhi mdogo wangu. Ndoa ikiharibika, binti anarudi kwa yule aliyepokea jembe. Wazee walikuwa wamepanga liletwe Jumamosi ya wiki iliyofuata, kesho yake padri asome tangazo la tatu.

Dada alijaribu kukwepa. Alimwambia baba mdogo Hilari kwamba siku hiyo ana zamu. Baba mdogo akavaa koti lake, akaenda mwenyewe kwa Daktari Kasimiri kumwombea ruhusa, akarudi ameshinda, akamwambia ruhusa imepatikana na aache visingizio.

Jumamosi wageni walifika baada ya jua kupanda. Celestin alivaa suruali ya kitambaa na shati jeupe, kaka yake Yotham akabeba jembe limefungwa kwenye kanga mpya. Mimi sikutakiwa kuonekana. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, na wasichana wenzangu wananikanyaga vidole kwa kugombania tundu la kuchungulia. Nilimwona dada ameketi mkekani katikati ya mama na shangazi Immaculata, amevaa gauni lake la kwenda komunyo. Nilifurahi. Nikasema, amekubali yaishe.

Yotham akapiga goti mbele yake, kama desturi ilivyotaka, akalifungua jembe. "Dada yetu, pokea."

Mikono ya dada ilibaki mapajani.

Kwanza watu walidhani anangojea kitu. Shangazi akamgusa kiwiko. Yotham akasogeza jembe mbele kidogo, labda halikuonekana vizuri. Baba mdogo akakohoa. "Getrude, mgeni amepiga goti."

"Naona, baba mdogo."

"Basi pokea."

"Nina swali kabla sijapokea. Nawauliza wachumba wote wanaokuja kazini kwangu, na leo nauliza nyumbani kwetu. Hawa wamepima?"

"Makubwa!" shangazi akapiga makofi. Wazee wa upande wa pili walianza kunong'onezana. Mama alijifunika uso kwa kitenge, na mimi nyuma ya mlango nilitamani ardhi inimeze na yeye imtangulize. Mbele ya wageni! Nilimchukia. Sina neno jingine, nilimchukia.

Celestin akacheka kile kicheko chake. "Shemeji, mbona unajua? Nilipima. Si nilipima kwako?" Akawageukia wazee, mikono wazi. "Wazee wangu, huyu dada ndiye aliyenipa majibu. Amekaa nami chumbani kwake. Kungekuwa na ubaya, angekubali mdogo wake atangazwe kanisani mara mbili? Mwulizeni yeye mwenyewe."

Mnaona alichokifanya? Alimjua dada. Alijua hatasema. Kimya cha dada, ambacho watu wote wa Mpanda walikiamini, alikichukua akakifanya shahidi wake. Akinyamaza tu, basi bwana harusi ni mzima, na jembe limepokelewa. Celestin aliniambia baadaye kwamba hakuwa amepanga. Maneno yalimtoka, na yalipotoka aliona yamekaa vizuri.

Mama akafunua uso haraka. "Ni kweli, mwanangu? Majibu yake yalikuwa mazuri?"

"Mama, majibu ya mtu ni mali yake. Siwezi kusema yalikuwa mazuri, siwezi kusema yalikuwa mabaya. Hata kama alipima, siwezi kusema."

"Lakini mwenyewe amesema tukuulize," baba mdogo akasema.

"Amesema." Dada akageuka, akamtazama Celestin usoni. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini, ya chini, ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuisikia. "Celestin. Umewaambia waniulize. Je, unaniruhusu niwajibu? Sema ndiyo mbele ya wazee hawa, nitajibu sasa hivi. Sema hapana, nitanyamaza leo na siku zote, na hakuna atakayeniondoa hapo."

Celestin akaliangalia lile jembe.

Yotham bado alikuwa amepiga goti, jembe mikononi. Maskini, hakujua kitu. Akamgeukia mdogo wake akicheka kidogo. "Sema ndiyo basi, tumalize. Goti linauma."

Celestin akafungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka chini ya masikio, likaingia kwenye kola nyeupe. Wazee walimwangalia yeye sasa, si dada. Mimi nikausukuma mlango. Wasichana walinishika kanga, ikabaki mikononi mwao, nikatoka na gauni la ndani na kitambaa kichwani mbele ya wakwe. "Celestin," nikamwambia. "Sema ndiyo."

Alinitazama. Nimewahi kutazamwa na watu wengi tangu siku ile, na hakuna aliyenitazama vile. Kisha akainama kwa Yotham, akamshika bega. "Kaka, chukua jembe. Twende."

Walipoondoka, uani tulibaki sisi tu na sufuria za pilau ambazo hakuna aliyezigusa. Nilimfuata dada nyuma ya nyumba.

"Ulijua tangu lini?"

"Sijasema kwamba najua kitu, Upendo."

Hata hapo! Mtu ameshaondoka na jembe lake, Misunkumilo nzima itajua kabla ya jua kuzama, na yeye bado ananiambia hajasema kitu. Nikamwambia, "Basi nikwambie mimi ninachokijua. Wiki ya tangazo la kwanza nililala kwake. Sikuwahi kabla ya hapo. Nililala kwa sababu nilisikia jina langu kanisani nikajiona nimeshakuwa mke, na nililala tena, na tena. Ungesema neno moja nisingekwenda."

Dada akaketi chini pale pale, juu ya maganda ya maharage, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Sikumwonea huruma.

"Kama asingejichongea mwenyewe," nikamwuliza, "ungelipokea lile jembe?"

"Nisingelipokea."

"Na mimi ungeniambia?"

Angeweza kunidanganya, na labda ningemshukuru. "Sijui," akasema.

Nikampiga kofi. Dada mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Hakuinua mkono kujikinga.

Yotham alikwenda kushtaki, kama ilivyoahidiwa. Polisi walimsikiliza mpaka mwisho na hawakujua waandike kosa gani, wakamrudisha kwa daktari. Daktari Kasimiri akamwita dada ofisini.

"Ulimwuliza ukijua atashindwa kujibu," akamwambia.

"Ndiyo, daktari."

"Basi umesema."

"Nimeomba ruhusa. Amekataa, nimenyamaza."

"Getrude, mbele ya watu wote wale, kuna tofauti?"

"Naitafuta hiyo tofauti tangu Jumamosi," dada akamjibu. "Nikiipata nitakuletea."

Hakumfukuza. Alimwandikia onyo, akamrudisha chumbani kwake. Lakini benchi la nje lilibaki tupu mpaka mvua zikaanza. Watu walisema, aliyemvunjia mdogo wake ndoa atashindwa kukuvunjia wewe? Dada alikwenda kila siku ya kazi, akafungua pazia, akakaa kwenye kiti chake kimoja akitazama cha pili. Sokoni sasa watu ndio waliompita bila salamu. Daktari alikuwa amemwambia kile chumba kitafungwa, na kilikuwa kimefungwa huku mlango uko wazi.

Celestin alikuja kuniaga kabla ya kuhamia Kapalamsenga, kando ya ziwa, kwa mjomba wake. Alinikuta kisimani, mchana kweupe, mfuko wake begani, na akanieleza yote niliyowaeleza. "Ukitaka kusema, sema," aliniambia. "Nimechoka kuficha." Nilimwuliza kwa nini alinidanganya. Alisema aliogopa nitamwacha. Nikamjibu kwamba ningemwacha, ndiyo, na angestahili kuachwa, na mimi nilikuwa na haki ya kumwacha. Alifariki huko ziwani miaka michache baadaye. Nililia nilipopata habari, na hasira zangu kwake sijazimaliza.

Dada aliniambia jambo moja tu katika siku zile ambazo tulikuwa hatusemezani. Alisimama mlangoni kwangu bila kuingia. "Inabidi miezi mitatu ipite ndipo kipimo kionyeshe. Ukitaka kupima, nenda Tabora, usije kwangu. Hata nikiwa likizo usiingie kile chumba. Mimi ni dada yako, na hapo nilishakosea mara moja." Kwa Celestin alikuwa ameshindwa kusema hapana. Kwangu alisema.

Miezi ile mitatu sitaki kuieleza sana. Kila chunusi niliiona kifo. Nilikohoa kwa vumbi nikajifungia ndani nikilia. Mama aliacha kunywa nami kwenye kikombe kimoja, kisha akaona haya akaanza tena, na sijui kipi kiliniuma zaidi. Wanawake waliokuja kutupa pole walinipima kwa macho kuanzia mashavuni mpaka kwenye mikono, kuona kama nimeanza kukonda.

Mwezi wa kwanza nilipanda treni ya kwenda Tabora. Nilifikia kwa rafiki wa shule, nikakaa mbele ya mwanamke nisiyemjua, mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, nikamwambia mambo ambayo mama yangu hayajui. Alinisikiliza. Nikasubiri majibu, nikayapokea, nikarudi.

Stesheni ya Mpanda hakuna aliyenipokea, kwa kuwa sikumwambia mtu siku ya kurudi. Nilitembea mpaka nyumbani nikapita mlango wa mbele. Mama na dada walikuwa uani wanamenya mihogo, hawakunisikia. Nilikuwa natua mfuko wangu chumbani niliposikia mama anasema, "Mtoto atarudi leo au kesho. Akirudi, wewe ndiye umwulize. Wewe ndiye mwenye kazi hiyo."

"Simwulizi, mama. Na wewe usimwulize. Baba mdogo akija kuuliza, mwambie aje kwangu kwanza. Shangazi pia. Asiulizwe na mtu yeyote."

"Getrude! Mdogo wako wa tumbo moja! Wewe huna hata haja ya kujua?"

Kisu cha dada kilisimama. Nilisubiri nyuma ya pazia, kwa sababu njia nzima kutoka Tabora nilikuwa nikijiandaa. Angeniuliza, ningemwambia si kazi yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo yakae makali, yamkate kama alivyonikata. Nilitamani aniulize ili nimnyime.

"Ninayo haja, mama," akasema. "Inaniua. Kila nikimwona anapita nataka kupiga magoti nimwulize. Lakini ni yake."

Nilisimama pale na majibu yangu, na yale maneno makali niliyoyapanga sikuyaona tena yalipo. Nikatoka uani. Mama akashtuka, akaanza kulia kabla hata hajanisalimia. Dada alinitazama mara moja, haraka, kisha akarudisha macho kwenye muhogo wake. "Karibu nyumbani, mdogo wangu," akasema. "Umekula?"

Nikamwambia sijala. Nikachukua kisu cha pili, nikakaa karibu naye, tukamenya mpaka karai likajaa. Hakuniuliza. Sikumwambia, na hadi leo hajui.